Uzoefu wangu na fundi mizani wa Dodoma: kufufua mizani ya kale na mawe yake ya ratili

Huduma ninayoieleza hapa ni ya kufufua mizani ya kale, niliyoipata kwa fundi mizani mmoja mwenye kibanda karibu na Soko la Majengo, Dodoma. Simtaji jina kwa sababu hakuniomba nimtangaze, na kwa sababu sehemu ya ninayoyasema si sifa. Nilimpelekea mizani ya kaunta iliyotengenezwa na W & T Avery wa Birmingham, Uingereza, pamoja na mawe yake ya ratili (kipimo cha zamani cha uzito cha Waingereza, yaani pauni), nikampa masharti mawili: irudi ikipima kweli, na irudi ikiwa na alama zake zote zinazoonyesha ilikotengenezwa na ilikopitia. Sharti la kwanza alilitimiza kwa ustadi ambao sikuutarajia. La pili alilitimiza nusu.

Ni vizuri msomaji ajue kwanza kazi ya kila siku ya fundi huyu, maana bila kujua hilo lawama zangu zitaonekana nzito kuliko zilivyo. Wateja wake ni wenye maduka ya nafaka, wauza nyama, na wanunuzi wa karanga, ufuta na alizeti wanaotoka Kongwa, Mpwapwa na Kondoa. Hao wanataka mizani itakayopita mbele ya mkaguzi wa Wakala wa Vipimo bila maneno, kwa kuwa Sheria ya Vipimo, Sura 340, hairuhusu kufanyia biashara mizani isiyohakikiwa. Kwao kutu ni aibu na rangi mpya ni heshima. Mkusanyaji huja na haja nyingine kabisa: rangi ya asili iliyobanduka nusu ina thamani kwake kuliko rangi mpya iliyokamilika, na chapa iliyofifia ya mkaguzi wa zamani ndiyo hati pekee ya kuzaliwa ambayo chombo hicho kinayo. Fundi hajawahi kuelezwa tofauti hiyo, na sisi wakusanyaji hapa Dodoma bado ni wachache mno kuweza kumbadilishia mazoea.

Mizani yenyewe ni ya aina ambayo vitanga viwili hukaa juu ya mkono badala ya kuning'inia chini yake kwa minyororo. Umbo hilo lilibuniwa na mwanahisabati Mfaransa Gilles Personne de Roberval, aliyeliwasilisha mbele ya Chuo cha Sayansi cha nchi yake mwaka 1669. Siri yake imo ndani ya kitako: chini ya mkono mkuu kuna ufito mwingine ulio sambamba nao, na nguzo zinazobeba vitanga zimeshikwa na vyote viwili, hivyo kitanga kikipanda au kikishuka hubaki kimelala sawasawa. Kinadharia haijalishi mzigo umewekwa katikati ya kitanga au ukingoni. Kwa vitendo, viungo vikishalika, mzigo ule ule hutoa jibu jingine kila unaposogezwa, na hapo ndipo mizani nyingi za kaunta zinazouzwa kwa jina la nzima huumbuka. Anayekwenda kununua abebe kitu kidogo kizito, akiweke katikati ya kitanga, kisha mbele, nyuma, kushoto na kulia, huku akiangalia kama mshale unahama. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Yangu ilikuwa inahama. Ilihama kiasi kwamba mzigo wa ratili 4 ulikuwa mwepesi ukiwekwa ukingo wa mbele na mzito ukiwekwa nyuma, na kitanga cha kushoto kilikwaruza kitako kila kiliposhuka. Fundi aliifungua yote mbele yangu, akapanga vipande juu ya gunia kwa mpangilio aliovitoa, akaviloweka ndani ya mafuta ya taa mpaka kutu ikalegea, na hakugusa brashi ya waya hadi nilipomuuliza ataitumia wapi. Alichofanya kwenye makali ya egemeo ndicho kilichonifanya nimheshimu. Mkono wa mizani ya namna hii hukaa juu ya ukingo wa chuma kigumu ulionolewa mfano wa kisu, na ukingo huo ukibutuka, mkono husita mahali ambapo ulipaswa kuyumba kwa uhuru. Mafundi wengi huunoa kwa msasa, jambo linalosogeza mstari wa makali bila mtu kutambua na hivyo kuufanya upande mmoja wa mkono uwe mrefu kuliko mwingine. Yeye alitumia jiwe laini la kunolea, taratibu sana, akikagua kila mara kwa kuangalia mwanga unaopita kati ya makali na kiti chake. Hakutia grisi. Alieleza kwamba grisi hapa kwetu hukusanya vumbi, na vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi mvua za Desemba, lingeirudisha mizani kibandani kabla mwaka haujaisha.

Baada ya kuiunga tena tuliijaribu kwa njia ya kubadilishana vitanga, ambayo nampendekezea kila mtu kwa kuwa haihitaji kifaa chochote. Unasawazisha mizigo miwili, mmoja kulia na mwingine kushoto, kisha unaihamisha, wa kulia uende kushoto na wa kushoto uende kulia. Mikono ikiwa na urefu sawa, mizani hubaki imetulia. Isipotulia, tatizo limo kwenye mikono yenyewe, na hakuna kuongeza wala kupunguza risasi chini ya kitanga kutakakolitibu. Yangu ilitulia, na majaribio ya kusogeza mzigo ukingoni nayo yakaonyesha mshale usiotikisika kwa namna ambayo jicho langu lingeweza kuona. Kwa chombo cha chuma cha kusubu kilichokaa miaka mingi kwenye rundo la vyuma chakavu, hilo si jambo dogo.

Sasa niseme kilichoniudhi. Nilipokwenda kuichukua nilikuta kitako kimepuliziwa rangi ya fedha, ile ile inayopakwa kwenye mageti. Chini yake kulikuwa na rangi nyeusi ya kiwandani yenye michirizi ya dhahabu pembeni, iliyobaki sehemu ndogo tu, nayo imefunikwa. Herufi za jina la kiwanda zimesalia kwa sababu zimesubiwa pamoja na chuma na zinajitokeza, lakini kina chake kimejaa rangi. Nilimuuliza, "Babu, si tulikubaliana usipake kitu?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Mjukuu wangu, nikurudishie mizani ina kutu, watu watasema mzee kala hela ya bure." Hakuna ubaya ndani ya jibu hilo, na hakunitoza rangi. Hata hivyo rangi ya asili ya kiwandani haitengenezwi mara ya pili, na kuitoa ile ya fedha bila kuondoka na ya chini yake ni kazi ambayo sijapata wa kumkabidhi. Kwa hiyo anayempelekea mizani amwandikie sharti hilo kwenye karatasi na alifunge kwenye kitako kwa kamba. Maneno ya mdomo hupotea mchana wa soko.

Kwenye mawe mambo yalikwenda vizuri zaidi, isipokuwa mawili. Mawe yangu ni ya shaba ya njano, na kila moja chini yake lina tundu lililozibwa kwa risasi. Tundu hilo si kasoro: kiwandani jiwe lilitengenezwa jepesi kidogo, kisha likaongezwa risasi hadi lifikie uzito wake, na mkaguzi akapiga chapa juu ya ile risasi ili asiyehusika asiichokonoe bila kuacha alama. Mawe yaliyokaguliwa Uingereza huwa na taji, herufi za mfalme au malkia aliyekuwa akitawala, na namba ya ofisi ya ukaguzi, na utaratibu wa namba hizo ulianza mwaka 1879. Herufi za mtawala zikisomeka, jiwe linajitajia zama zake lenyewe, tena kwa uhakika kuliko jina la Avery, ambalo ni la muda mrefu sana: kampuni hiyo ilihamia Soho Foundry, kiwanda kilichojengwa na Boulton na Watt kwa ajili ya injini za mvuke, mwaka 1895, na ilikuwa ikitengeneza mizani kabla ya hapo na imeendelea kwa miaka mingi baada yake.

Fundi alikwisha kusugua mawe mawili kwa ndimu na majivu kabla sijamzuia. Yanang'aa sana, na chapa zake sasa zinasomeka kwa shida. Mengine yote yamebaki na weusi wake, na ndivyo nilivyotaka. Tuliyapima kwenye mizani yake ya kidijitali iliyohakikiwa. Ratili moja ni gramu 453.6, kwa hiyo jiwe la ratili 7 linapaswa kuwa karibu kilo 3.175, la ratili 4 gramu 1,814, na la ratili 2 gramu 907. La ratili 7 lilikuwa sawa kabisa. La ratili 4 lilipungua gramu chache, jambo la kawaida kwa jiwe lililoshikwashikwa na kusuguliwa miaka yote hiyo. La ratili 2 lilipungua zaidi ya gramu 30, na tulipoligeuza tukakuta tundu tupu. Risasi inaweza kudondoka yenyewe, lakini inaweza pia kutolewa kwa makusudi na muuzaji anayepima bidhaa kwa jiwe jepesi, yaani ndugu mkubwa wa lumbesa, ule ujazaji wa gunia kupita kipimo, akiwa upande wa pili wa kaunta. Fundi alitaka kulijaza, nami nikakataa, kwa sababu jiwe lililopunjwa lina habari kuliko lililotibiwa. Hapo alinisikiliza.

Kuhusu mahali pa kupata mizani hizi, njia rahisi bado ni kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao huziuza kwa kilo bila kujali jina lililo juu yake. Ukishaulizia historia, bei hupanda. Hapa mkoani kila mizani ya kale hudaiwa kuwa ilitoka Kongwa, kwenye mradi wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Dai hilo lina mvuto, lakini mradi ule unakumbukwa zaidi kwa kununua mbegu nyingi kuliko karanga ulizovuna, na sioni wangekuwa na kazi gani na mizani zote ninazoambiwa zilikuwa zao. Mizani ndogo ya kaunta yenye mawe ya ratili na wakia ina uwezekano mkubwa zaidi wa kutoka kwenye maduka ya rejareja yaliyokuwa kando ya reli, kule Uhindini hapa mjini au Manyoni, na bila karatasi yoyote mimi silipi hata shilingi ya ziada kwa neno Kongwa.

Fundi hutengeneza pia mizani za springi, na nilimwonyesha Salter ndogo ya kuning'iniza ambayo sikumwachia. Kuna jambo moja ambalo wakusanyaji wa aina hiyo wangefaa kulijua. Mizani ya mikono hulinganisha mzigo na jiwe, kwa hiyo jibu lake ni lile lile popote duniani. Springi hupima nguvu ya dunia kuuvuta mzigo, na nguvu hiyo ni ndogo kidogo hapa Dodoma, karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kuliko ilivyo Uingereza. Springi iliyosawazishwa kule, ikiletwa hapa bila kurekebishwa, itausoma mzigo wa kilo 10 kwa upungufu wa takribani gramu 35, na anayejipunja ni mwenye duka. Fundi hana haja ya hesabu hiyo, kwa kuwa yeye huirekebisha springi papa hapa kwa jiwe la kilo lililohakikiwa, na kosa lote huishia hapo.

Nililipa shilingi 60,000 kwa kazi yote, ikiwemo kipande kipya cha kiungo alichokichonga mwenyewe kwa tupa, na ambacho nilimwomba akipige nukta ndogo ili mtu wa baadaye asidhani ni cha kiwandani. Alipiga, tena mahali pasipoonekana kirahisi. Bei hiyo ni ndogo mno kwa kazi ya makali ya egemeo, na hata ukiondoa hasara ya rangi bado nahesabu nimepata zaidi ya nilicholipia. Alichelewa kuliko alivyoahidi, ila wakati wenyewe ulikuwa wa mavuno na kibanda kilijaa mizani za wanunuzi wa nafaka, ambao hawawezi kungoja.

Nitampelekea nyingine, mizani ya sonara yenye mawe ya tola, lakini hiyo nitakaa naye mpaka aimalize. Tola ni gramu 11.66, uzito ule ule wa rupia ya Kijerumani iliyotumika hapa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na rupia moja ninayo tayari ya kujaribia, ingawa sarafu iliyopita mikono mingi nayo imelika na itabidi kwanza tuipime kwenye mizani yake ya kidijitali. Anayepeleka yake apeleke mizani na mawe yake pamoja, avue vitanga na kuvifunga peke yake kabla ya kupanda basi, kwa sababu makali ya egemeo hubutuka zaidi kwa safari moja ya mtikisiko huku mkono ukiwa umewekwa mahali pake kuliko kwa miaka ya kupima sukari.