Bima ya mpangaji Kisumu: ya kutanguliza na ya kuacha

Nilikuwa kwenye mazishi Kakamega, Jumamosi asubuhi, msimamizi wa ploti yetu ya Migosi aliponipigia simu. "Mwalimu, uko wapi? Maji yanateremka kwa ngazi." Nilijua papo hapo. Ijumaa jioni mfereji ulikuwa mkavu, nikafungua bomba la jikoni kuona kama maji yamerudi, nikaondoka bila kulifunga. Yalirudi usiku.

Nilipofika, mama anayekaa chini yangu alikuwa ameegemeza godoro ukutani lipigwe na jua. Televisheni yake ilikuwa juu ya kiti cha plastiki, na ndani ya kioo matone yalikuwa yamejipanga kama shanga. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Sasa mwalimu, tutafanyaje?" Nilimlipa shilingi 38,000 kwa awamu tatu. Bima nilikuwa nayo, ila ilikuwa ya vyombo vyangu pekee, na siku hiyo vyombo vyangu vilikuwa vikavu.

Ndiyo maana nikizipanga bima za mpangaji, kuanzia ya kutanguliza hadi ya kuacha, sianzi na bei.

Ya kwanza: vyombo pamoja na dhima ya mkaaji

Bima ya nyumbani hapa Kenya huuzwa kwa vipengele. Kwa kawaida A ni jengo, B ni vyombo vinavyokaa ndani, C ni vitu unavyotoka navyo kama simu na laptopu, D ni wafanyakazi wa nyumbani, kisha hufuata dhima, yaani wajibu wa kulipa hasara ya wengine: dhima ya mwenye jengo na dhima ya mkaaji. Mpangaji hana haja ya A. Jengo si lake. Chukua B na dhima ya mkaaji. Ongeza C kama unabeba laptopu kila siku kwenye matatu ya Kondele, lakini jua kwamba C ndiyo ghali kuliko B ukilinganisha na thamani ya kitu. Ukiwa na dada wa kazi, usiruke D: Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka 2007 inakuhesabu kuwa mwajiri, hata kama ni mfanyakazi mmoja anayepika na kulea.

Dhima ya mkaaji ndiyo wapangaji wengi huiona kama pambo. Kwa anayeishi ghorofani, mimi naiona ndiyo moyo wa bima yenyewe. Inahusu hasara ambayo sheria inaweza kukudai kwa sababu ya uzembe wako ukiwa mkaaji: maji yako kwa jirani wa chini, chungu cha maua kilichoanguka juu ya gari, moto wa meko yako ya gesi uliovuka ukuta.

Sasa thamani. Wengi wetu hutaja thamani ndogo ili malipo yapungue, na hapo ndipo tunapojikata wenyewe. Tuseme vyombo vyako vyote vina thamani ya 400,000, nawe umeandikisha 200,000. Wezi wanabeba vitu vya 100,000. Kampuni itakulipa 50,000, kwa kuwa uliwekea bima nusu tu ya mali, na hapo bado haijakata ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unasema utaibeba mwenyewe. Pita chumba kwa chumba na kalamu mkononi. Mapazia, magodoro, vyombo vya jikoni, viatu na nguo za watoto hupanda haraka kuliko unavyodhani.

Kuhusu wizi, soma sentensi moja kwa makini: mikataba mingi hulipa ikiwa kuna dalili ya kuvunja kwa nguvu. Kufuli iliyokatwa, grili iliyopindwa. Mtu akiingia na ufunguo ambao mpangaji wa zamani hakurudisha, unabaki na nyumba tupu na mlango mzima. Kwa hiyo badilisha kitasa siku unayohamia, hata kama mwenye nyumba anakwambia hakuna shida.

Uliza pia nyumba inaweza kukaa tupu siku ngapi kabla kinga ya wizi haijasimama. Sisi Desemba tunakwenda nyumbani Siaya, Vihiga au Bungoma, na wengine hurudi shule zikifunguliwa. Pata jibu hilo kwa maandishi.

Ya pili: vyombo pekee

Hii inamfaa anayekaa nyumba ya peke yake chini, hana jirani juu wala chini. Kwa wa Lanet au Kiamunyi kule Nakuru, kwenye nyumba ndani ya uwanja wake, naikubali. Hakikisha tu mafuriko yameandikwa, si moto na wizi peke yake. Wa Nyalenda na Dunga wanajua ziwa lilivyopanda mwaka 2020. Wa Mwariki wanajua Ziwa Nakuru lilivyowafikia. Kakamega na Kisii, tafuta neno radi. Na kila mahali, uliza kama friji iliyoungua stima ikirudi kwa nguvu inalipwa. Mara nyingi hailipwi mpaka uongezewe kifungu, kwa hiyo kidhibiti umeme kinunue hata ukiwa na bima.

Ya tatu: moto pekee

Ni ya bei nafuu. Mtu mwenye chumba kimoja na vitu vichache anaweza kuanzia hapo.

Ya nne: bima ya simu unayouziwa dukani

Inunue tu kama simu ndiyo kitu cha thamani pekee ulicho nacho. Soma kama inalipa wizi au kioo kuvunjika tu.

Ya mwisho: kutegemea bima ya mwenye nyumba

Hii si bima yako hata kidogo. Ploti ikiungua, yeye hulipwa kuta na mabati. Kitanda chako hakimo.

Kabla ya kulipa, tafuta jina la kampuni na la wakala kwenye orodha ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Kampuni ya bima ya Resolution iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2022, na Invesco mwaka 2024, kwa hiyo jina kubwa halitoshi. Iko hazina ya kufidia wenye bima kampuni ikianguka, lakini kikomo chake ni shilingi 250,000 kwa kila dai. Pesa zilipwe kwa kampuni moja kwa moja, si kwa simu ya wakala, na udai risiti. Kisheria kinga haianzi kabla malipo hayajapokelewa.

Wakala akikutajia asilimia 1, vyombo vya 400,000 ni shilingi 4,000 kwa mwaka, pamoja na tozo ndogo na shilingi 40 za ushuru wa stempu. Nafuu zaidi ya hapo, muulize ameondoa nini.

Usiku wa siku uliyolipa piga picha za kila chumba, fungua makabati, piga na namba zilizo nyuma ya televisheni na friji, ujitumie kwa barua pepe. Likitokea la kutokea, ripoti polisi uchukue abstrakti, ile karatasi inayoonyesha umeripoti, pigia kampuni siku hiyohiyo, na usitupe godoro lililoloa kabla mkaguzi hajaliona.