BRAF au RAS: majibu ya jeni kwenye uvimbe wa thairoidi yanakwambia nini

Uvimbe wa shingoni umeshachomwa sindano, seli zimeangaliwa kwa darubini na majibu bado hayaeleweki, hapo ndo kipimo cha jeni kinapoingia. Ikionekana BRAF V600E, yaani jeni ya BRAF iliyobadilika, mambo yako wazi, karibu kila mara ni kansa, tena ya papilari, aina mojawapo ya kansa ya thairoidi, na takriban nusu ya wenye papilari wanayo. Ni herufi moja tu ya DNA imebadilika, protini ikapata glutameti badala ya valini pale nafasi ya 600, basi seli inaamrishwa igawanyike tu bila kupumzika. RAS sasa, jeni nyingine inayobadilika, ndo inasumbua jamani, unaikuta kwenye kansa ya folikula, aina nyingine ya kansa ya thairoidi, na unaikuta pia kwenye uvimbe usio kansa kabisa, kwa hiyo mtu asikimbilie kutolewa tezi nzima kwa karatasi hiyo peke yake, mara nyingi upande mmoja unatosha, ukapimwe maabara.

Kuhusu hali ya mbele, BRAF ikiwa yenyewe tu wengi wanapona vizuri. Yakiongezeka juu yake mabadiliko ya jeni nyingine, TERT, ndo hatari ya ugonjwa kurudi inapanda sana, na RAS ikiwa pamoja na TERT ni vilevile, so muulize daktari kama TERT imepimwa. Halafu BRAF ina dawa zake, dabrafenib na trametinib, Marekani walizipitisha 2018 kwa ile kansa kali ya anaplastiki.