Forester ya 2.5 au e-Boxer? Inua zulia la buti kwanza

Nimekuwa nikitafuta gari la familia la kuhangaika nalo Dar na kupanda nalo Lushoto watoto wakifunga shule, nikavutiwa na Subaru Forester toleo la SK, lililoingia sokoni Japani mwaka 2018. Kwa nje unaweza kudhani ni ileile ya zamani. Kaa kiti cha nyuma ndipo uone kazi waliyofanya: mlango unafunguka kwa upana, magoti hayagusi kiti cha mbele, na mtoto anaona nje bila kunyoosha shingo.

Chasisi nayo ni mpya, na barabarani unaihisi. Jamaa yangu anayo ya 2.5, yaani injini ya lita 2.5, aliniachia usukani tukaingia barabara za vumbi za Madale. Inapita kwenye makorongo bila kugonga chini, hailali kwenye kona, na uvungu wa sentimita 22 unakutoa wasiwasi. Nilishuka nikiwa nimeridhika kabisa.

Yadini nikakuta e-Boxer, injini ya 2.0 inayosaidiwa na mota ndogo ya umeme. Kwenye foleni inaondoka kimyakimya, raha kweli. Muuzaji akanipigia hesabu ya mafuta na ya ushuru wa bidhaa: injini ya zaidi ya cc 1000 hadi 2000 inatozwa asilimia 5, ikizidi hapo ni 10. Ni hoja nzito. Nikaomba afungue buti, nikainua zulia. Tairi la spea hakuna! Chini kule ni betri, na pembeni kuna chupa ya gundi na pampu ndogo. Tundu la msumari wa mjini utaliziba. Tairi likichanika ubavuni usiku kati ya Segera na Mombo, na watoto wamelala nyuma, gundi hiyo haikufikishi popote.

Kwa hiyo naagiza 2.5. Spea yake ni ile nyembamba, ila inakufikisha kwa fundi. Wanaopenda turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa iongeze nguvu, wajue SK za mwanzo hazina. SK yenye turbo, ya 1.8, ilikuja Oktoba 2020.

Na ukiagiza, angalia mwaka wa kutengenezwa kabla hujatuma hela. Gari likizidi miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na hapo bei nafuu uliyoiona mtandaoni inayeyuka bandarini.