Ofisi ya Leseni za Udereva: Kaunta Moja, Serikali Mbili

Mwezi uliopita nilikwenda kuomba leseni katika ofisi ya udereva ya jimbo ninaloishi hapa Marekani, nikatoka na stakabadhi tu. Hata hivyo naipa ofisi hiyo nyota nne kati ya tano.

Mapokezi yalikuwa mazuri. Namba ziliitwa kwa sauti ya kusikika, na mama wa kaunta alizipanga karatasi zangu moja moja mbele yake: pasipoti, kadi ya ukaazi, bili ya umeme na barua ya benki, akilinganisha jina langu, la baba na la babu herufi kwa herufi. Kisha akatuma taarifa zangu ili ukaazi wangu uhakikiwe, na kompyuta ikamjibu asubiri. Akaniambia hana la kufanya, na kweli hakuwa nalo.

Leseni ya udereva ni jambo la jimbo. Katiba ya Marekani haikuitaja miongoni mwa mamlaka ya serikali ya shirikisho, na marekebisho yake ya kumi, ya mwaka 1791, yanayaachia majimbo au wananchi mamlaka ambayo shirikisho halikupewa wala majimbo hayakunyimwa. Uhamiaji nao uko Washington. Sheria ya REAL ID ya mwaka 2005, iliyoweka masharti ya shirikisho kwa leseni za majimbo, ukiwamo uhakiki wa ukaazi, ndiyo iliyoyakutanisha mawili haya kwenye kaunta ile. Kwa kuwa Washington haina ruhusa ya kuwaamuru watumishi wa jimbo wafanye kazi zake, kama Mahakama ya Juu ilivyoamua mwaka 1997 katika kesi iliyohusu ununuzi wa bunduki, sheria hiyo haikuyalazimisha majimbo. Ilisema tu kwamba kadi isiyotimiza masharti haitapokewa na vyombo vya shirikisho, wakiwamo wakaguzi wa viwanja vya ndege. Ujanja huo ulikawia kuzaa matunda: mwaka 2007 bunge la Maine lilipitisha azimio la kuikataa, tarehe ya mwisho ikasogezwa tena na tena, na viwanjani utekelezaji ukaanza tarehe 7 Mei 2025.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya bango la mlangoni, linaloorodhesha karatasi zote za kuleta bila kumtahadharisha mgeni kwamba jibu la Washington huweza kuchelewa. Ningelijua hilo, nisingeomba ruhusa kazini kwa nusu siku tu.

Kadi ilinifikia kwa posta siku ya tisa. Jina la jimbo limeandikwa juu kwa herufi kubwa, na kwenye kona imo nyota ndogo, alama ya masharti ya shirikisho.