Semina ya walimu Malindi: nyota nne
Nafundisha gredi ya tano, na shilingi mia tano za kiingilio hazikunipotea. Mwezeshaji alieleza jaribio la mwanasaikolojia Edward Deci la mwaka 1971: wanafunzi wa chuo waliolipwa kutatua mafumbo, malipo yalipokoma, hamu yao ilipungua kuliko ya wenzao wasiolipwa kitu. Mwenzangu mmoja, mgawaji mkubwa wa peremende za zawadi darasani, alinyamaza kimya! Kilichonifaa zaidi ni kidogo tu: ukiwa na mtoto asiyesikia vizuri, mwelekee unapozungumza, usisemee ubao. Jumatatu yake nikaanza. Ukumbi ndio tatizo. Feni moja, na joto la Malindi mwezi wa tatu mwalijua. Mahamri moto, chai sukari tupu. Walimu wa msingi, nendeni. Wa sekondari mtaambulia kidogo.