Programu za Kuchora Nyumba: Ipi Inajua Kuzamisha Dirisha Ukutani?

Ukuta wa jiwe la inchi 9, tunaoujenga sana Kisumu na Nakuru, una unene wa sentimita 23 hivi kabla ya plasta. Fremu ya dirisha haifiki hata theluthi ya hapo. Sasa nafasi inayobaki iachwe nje au ndani? Ukiiacha nje, jua kali la saa sita litapungukiwa na nguvu kwenye kioo, na mvua ya Kakamega haitaichapa fremu moja kwa moja. (Jua la jioni upande wa magharibi huja limeinama, hilo litaingia tu.) Lakini dirisha linalofunguka kwa nje litagonga kingo za ukuta likifika nyuzi 90, halitalala ukutani. Mlango nao, ukikaa upande wa nje wa ukuta na kufunguka ndani, hukwama vivyo hivyo. Heri uyaone haya kwenye skrini kabla fundi hajasimamisha fremu. Hicho ndicho kipimo nilichotumia kuzipanga programu nne za kuchora nyumba.

Ya kwanza ni Sweet Home 3D. Ni bure, haihitaji bando ukishaipakua, na laptopu kuukuu inaimudu. Chora ukuta, uandike unene wake halisi, kisha uburute dirisha hadi hapo. Litanasa ukutani lenyewe. Kwenye Windows shikilia Alt likuachie, ulisogeze ndani au nje, au andika tu vipimo vya mahali pake. Kasoro yake iko kwenye madirisha ya kupakua mtandaoni: mengine yakizama katikati ya unene hutoboa upande mmoja tu wa ukuta. Dawa ni sifa ya kukata ukuta pande zote mbili, ambayo huwekwa kwenye kihariri cha maktaba ya samani, programu ya kando inayohesabu madirisha pia kuwa samani. Kuna toleo la kulipia lenye samani nyingi zaidi. Kochi la ziada halikusaidii kupanga dirisha, kwa hivyo bakia na la bure.

Ya pili, SketchUp. Hapa unachora mstatili ukutani na kuusukuma kwa kipanya hadi kina unachotaka. Hakuna njia rahisi kuliko hiyo ya kuonyesha dirisha lililozama. Dirisha lililotengenezwa tayari, hata hivyo, hutoboa uso mmoja tu, na wa pili unautoboa mwenyewe. Ukiwa na vyumba vinne vya kulala utachoka. Toleo la bure linafanya kazi kwenye kivinjari, kwa hivyo intaneti ikikatika nawe umekatika. Anayetaka toleo la kulipia na hana kadi ya benki ajaribu GlobalPay, kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa.

FreeCAD ni ya tatu kwa sababu ya ugumu wake tu. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024, nalo pia ni bure. Dirisha lake lina namba za kuamua fremu irudi nyuma kiasi gani, ukibadilisha moja mchoro unajirekebisha. Kwa fundi wa aluminiamu ningeiweka juu ya SketchUp.

Ya mwisho, Archicad, ina mpangilio maalumu wa kina cha kuzamisha dirisha, na inafanya vizuri kuliko zote. Usiinunue. Ramani ya kupeleka kaunti inahitaji msanifu aliyesajiliwa, na gharama ya programu kama hiyo imo tayari kwenye ada yake.