Kasha la kufundishia mazingira: kipimamvua kinastahili bei yake, mabango yanahitaji mwalimu makini

Mwezi Oktoba mwaka jana shule yetu, iliyoko katika kijiji kimoja wilayani Mufindi, ilinunua kasha la vifaa vya kufundishia mazingira kutoka duka la vifaa vya shule mjini Iringa. Tulilipa shilingi 85,000, fedha zilizotokana na mauzo ya mboga za bustani ya shule. Tangu hapo nimelitumia katika darasa la tano, lenye wanafunzi 68, kwenye somo la Jiografia na Mazingira, na kwa kuwa walimu wenzangu wa Njombe na Mbeya wameniuliza mara kadhaa kama linafaa, naona ni vyema niwajibu wote kwa pamoja na kwa kirefu.

Ndani yake mna mabango manane ya ukutani, mwongozo wa mwalimu, kipimamvua cha plastiki, trei mbili za kuonyeshea mmomonyoko wa udongo, kadi za picha na pakiti nne za mbegu za miti. Kadi ni chache mno kwa darasa la ukubwa wa kwetu, na sina la zaidi la kusema juu yake.

Kipimamvua ndicho kilichonifanya niandike tathmini hii. Ni kopo refu, jembamba, lenye mistari ya milimita, ambalo hufungwa kwenye nguzo mahali pa wazi, mbali na miti na kuta, na kusomwa kila siku saa tatu asubuhi. Mwongozo unaeleza jambo ambalo mimi mwenyewe, pamoja na miaka yote niliyofundisha, sikuwahi kulitilia mkazo: kwamba milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni sawa na lita moja ya maji. Asubuhi moja ya Desemba, baada ya mvua kunyesha usiku kucha, mwanafunzi wa zamu alisoma milimita 20. Tulitoka nje na kamba, tukapima chini kwa kufuata kingo za paa la darasa letu, tukapata mita 9 kwa mita 7. Hesabu ilifanywa ubaoni na watoto wenyewe: mita za mraba 63, lita 1,260, yaani ndoo 63 za lita 20. Darasa lilikaa kimya kidogo, kisha msichana mmoja, ambaye kama wenzake wengi huteka maji bondeni kabla ya kuja shule, akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo jana usiku ndoo zote hizo zimepita hapa zikaenda zake?"

Sikuwa na jibu bora kuliko swali lake. Karatasi ya hesabu ile tuliipeleka kwenye kikao cha wazazi, na wazazi wakachanga fedha za gata kwa ajili ya paa hilo moja. Simtanki bado hatuna, ila mapipa mawili yanajaa, na maji yake hutumika kunawia mikono na kumwagilia kitalu cha miche. Sijawahi kuona bango lolote la ukutani likifanya kazi ya namna hiyo.

Trei za mmomonyoko nazo ni nzuri, ingawa moja ilianza kuvuja kwenye kona baada ya wiki chache na tukaiziba kwa nta. Unaweka udongo mtupu katika trei ya kwanza, udongo wenye nyasi katika ya pili, kisha unamwaga jagi moja la maji katika kila trei. Trei ya nyasi ilitoa maji yaliyokaribia kuwa meupe. Ile nyingine ilitoa maji mazito ya rangi ya chai ya maziwa, na watoto waliyatambua mara moja, kwa kuwa ndiyo rangi ya kijito chetu mwezi Januari. Hapo nilitamani mwongozo uwe na ramani ya mito ya kwetu badala ya mchoro wa mto usio na jina. Niliichora mwenyewe: kijito chetu kinaingia Ruaha Mdogo, Ruaha Mdogo unapita Iringa mjini na kuingia Ruaha Mkuu, na maji hayo yanafika bwawa la Mtera na hatimaye la Kidatu, ambako yanafua umeme. Niliwaeleza pia kwamba Ruaha Mkuu wenyewe, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi katika sehemu inayopita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Mabango ndiyo yanayonisikitisha. La kwanza linasema "Usikate Miti", na chini yake kuna picha ya mtu mwenye shoka. Hapa Mufindi tunaishi jirani na Shamba la Miti Sao Hill, ambalo ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na familia nyingi zina mashamba yao madogo ya mipaini yanayovunwa na kupandwa upya. Mtoto aliyevaa sare iliyonunuliwa kwa fedha za mbao anaambiwa nini na bango hilo? Alipaswa kufundishwa tofauti kati ya mti uliopandwa ili uvunwe na msitu wa asili unaotunza chemchemi. Pakiti za mbegu nazo zina kasoro inayofanana na hiyo: moja ni ya mikaratusi, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mti huo usipandwe karibu na chanzo cha maji.

Sura ya mwongozo inayohusu vyanzo vya maji inataka uangalifu mkubwa zaidi. Inaeleza kwa usahihi kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au za uharibifu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini inaendelea kuwaita wanaolima mabondeni waharibifu, bila neno lolote kuhusu vinyungu, yaani bustani zetu za mabondeni, ambavyo ndivyo vinavyotupatia mahindi mabichi, maharage na mboga wakati wa kiangazi. Nilipoisoma kwa sauti, mtoto mmoja aliinamisha kichwa, kwa sababu kinyungu cha bibi yake kinaonekana kutoka dirishani. Niliacha kusoma. Wiki iliyofuata tuliteremka bondeni na kamba ya mita 60, tukaona wenyewe mstari unaishia wapi, na bibi yule akatuonyesha jinsi anavyofyeka nyasi, anavyozilaza na kuzifukia chini ya tuta ili zioze. Hiyo ni mboji, jambo ambalo mwongozo unalifundisha kwa kurasa tatu zenye picha za pipa la plastiki, kana kwamba limeletwa kutoka mbali. Watoto walimuuliza bibi kuhusu ukanda wa nyasi kando ya maji, naye akakubali kuacha mistari miwili ya mwisho bila kulima. Mita 60 hazijatimia, na niliwaambia watoto hivyo waziwazi.

Kwa shule yenye fedha za kutosha, nashauri kasha linunuliwe, mabango mawili ya mwanzo yaachwe kabatini, na sura ya vyanzo vya maji isifundishwe kabla mwalimu hajatembelea mabonde ya kijiji chake. Fungueni kasha mkiwa bado dukani, kwa maana kipimamvua chetu cha kwanza kilikuwa na ufa, ingawa muuzaji alikibadilisha bila ubishi. Kwa shule isiyo na uwezo huo, kipimamvua kinauzwa peke yake kwa shilingi 12,000. Sisi tumekwisha kununua cha pili na kukipeleka kwa shule rafiki huko Isimani, upande mkavu wa Iringa, na kila mwisho wa mwezi wanafunzi hupeana tarakimu kwa simu ya mwalimu. Za Januari za wenzetu hazikufika nusu ya zetu, na sasa darasa la tano linataka kujua paa la shule ya Isimani lina upana gani.